Chanjo za safari ukiwa Kigoma: namna ya kuzipata bila kuvunja kibubu

Anayevuka ziwa kwenda Kalemie nchini Kongo, au anayepandisha milima ya Manyovu kwenda Bujumbura, huwa ameshapiga hesabu ya nauli, ya mzigo na ya malazi. Chanjo huikumbuka jioni ya mwisho, na hapo ndipo inapomgharimu. Fedha nyingi za chanjo ya safari huliwa na mambo manne: kuchelewa, kudungwa mara mbili kitu kilichotosha mara moja, kukata tiketi ya Dar es Salaam kwa jambo ambalo lingemalizikia mkoani, na kadi iliyojazwa ovyo ikakataliwa mpakani. Yote manne yanazuilika, na hakuna hata moja linalohitaji kujuana na mkubwa.

Unachodaiwa hasa

Usiulize bei kabla hujajua unadaiwa nini. Kwa msafiri wa Kigoma, chanjo ambayo bila cheti chake, yaani ile kadi au kitabu cha njano, unaweza kurudishwa karibu kila mara ni moja: homa ya manjano. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inaidai kwa kila msafiri kuanzia umri wa miezi 9. Uganda inaidai kuanzia mwaka 1. Maofisa wa afya upande wa Burundi nao huiulizia. Na kuna kurudi, ambako wengi hawakufikirii: Tanzania yenyewe humdai cheti anayeingia akitokea nchi yenye hatari ya homa ya manjano, na Kongo, Burundi, Uganda na Kenya zote zimo kwenye orodha ya nchi hizo ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo Mha wa Ujiji aliyekwenda Uvira, upande wa Kongo, kumzika shemeji yake anaweza kuombwa kadi akiwa anashuka bandarini kwao.

Shika kanuni moja itakayokuokoa mahali pengi: kwenye homa ya manjano hawaangalii wewe ni raia wa wapi, wanaangalia umepita wapi. Ugonjwa huu, kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa, huhesabiwa kuatamia kwa siku 6. Mfanyabiashara wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, aliyetoka Bujumbura Jumatatu, kisha Ijumaa akaruka kwenda Mumbai, mbele ya ofisa wa India ni mtu aliyetoka Burundi. India haina mchezo na jambo hili: asiye na cheti halali akitokea nchi iliyo kwenye orodha yao anaweza kuwekwa karantini mpaka siku 6. Kuunganisha ndege nako kumo. Nchi nyingi humhesabu msafiri aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye hatari kama aliyetokea huko. Nairobi na Addis Ababa, njia mbili ambazo Watanzania wengi hupitia kwenda Guangzhou, zote ziko kwenye nchi za orodha hiyo. Ukikata tiketi, angalia saa za kusubiri. Tiketi ya bei nafuu yenye kulala uwanjani saa 15 inaweza kukuletea deni la chanjo ambalo tiketi ya saa 4 isingekuletea.

Baada ya hiyo kuna chanjo zinazodaiwa kwa aina ya safari. Anayekwenda hija au umra anatakiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina nne, yaani A, C, W na Y, aliyodungwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudi Arabia. Iko ya namna mbili: ile iliyounganishwa na protini hukubaliwa kwa miaka 5, ile ya kawaida kwa miaka 3. Cheti kisipotaja ni ipi, utahesabiwa miaka 3 hata kama ulilipia ile ya 5, kwa hiyo hakikisha aina imeandikwa. Uliza pia taasisi yako ya hija kama chanjo imo ndani ya gharama uliyokwisha lipa. Wapo wanaolipa mara mbili kwa kutouliza.

Mwanafunzi anayekwenda kusoma nje husubiri barua ya chuo, kwa sababu kila chuo kina orodha yake. Homa ya ini B na surua ndizo huonekana mara nyingi. Anayehamia Marekani kwa viza ya ukaazi hupimwa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi, na daktari huyo hukubali kumbukumbu za maandishi za chanjo ulizokwisha pata. Usipokuwa na maandishi, utadungwa upya, na upya ni kwa fedha yako.

Zilizobaki, kama homa ya matumbo na kichaa cha mbwa, ni za kujikinga mwenyewe. Hakuna ofisa atakayeziulizia. Kipindupindu pia hakina cheti: sharti lake liliondolewa kwenye kanuni za kimataifa mwaka 1973, yaani zaidi ya miaka 50 iliyopita. Ofisa anayekudai mhuri wa kipindupindu kwenye kadi anatafuta chai.

Fukua kabati kabla ya kufungua pochi

Chanjo ya bei nafuu kuliko zote ni ile uliyokwisha pata. Toa kadi za kliniki, za watoto na za kwako.

Aliyezaliwa kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 na akamaliza kliniki ya mtoto ana uwezekano mkubwa wa kuwa na dozi tatu za homa ya ini B, kwa sababu chanjo hiyo iliunganishwa na ya dondakoo, pepopunda na kifaduro mwaka 2002. Mwanamke aliyehudhuria kliniki ya wajawazito ana dozi za pepopunda, na aliyekamilisha dozi tano kama ratiba inavyotaka hana haja ya kulipia nyingine kwa ajili ya safari. Watoto wana surua na rubela za miezi 9 na miezi 18. Zote hizi hutolewa bure kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali, kwa hiyo mtoto aliyepungukiwa dozi akamilishwe huko kwanza, kabla hujamlipia hospitali binafsi.

Yapo yasiyoacha maandishi. Kampeni ya polio ya mwaka 2023, iliyopita nyumba kwa nyumba Kigoma, Rukwa, Katavi, Kagera, Songwe na Mbeya, iliwatia watoto wino kidoleni, na wino si cheti. Kama nchi unayokwenda inadai polio, dozi inayohesabika ni iliyoandikwa, tena iliyotolewa kati ya wiki 4 na miezi 12 kabla ya kusafiri.

Na kama tayari una kadi ya njano ya zamani iliyoandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10, usiitupe na usidungwe tena. Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha homa ya manjano kinahesabika kwa maisha yote ya aliyechanjwa, na hilo linahusu hata kadi zilizotolewa kabla ya tarehe hiyo. Nchi hairuhusiwi kukudai dozi ya pili kwa sababu tu miaka 10 imepita. Bado wapo maofisa, na hata watoa chanjo, wanaosema imeisha. Mweleze kwa upole, mtajie tarehe, omba kuonana na mkubwa wa zamu. Jambo hili peke yake linawaokolea fedha wafanyabiashara wa ziwani kuliko ushauri mwingine wote ulio hapa.

Pa kuanzia

Chanjo ya homa ya manjano yenye cheti haitolewi kila zahanati. Hutolewa kwenye vituo vilivyoteuliwa na Wizara ya Afya, na mhuri wa kituo kisichoteuliwa haufai hata kama dawa iliyotumika ni halisi. Kwa Kigoma, pa kuanzia ni kwa maofisa wa afya mipakani, wale walio bandarini, uwanja wa ndege na Manyovu. Ukishindwa kuwapata, nenda ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa umuulizie Mratibu wa Chanjo. Aliye Kasulu, Kibondo au Kakonko aanze na Mratibu wa Chanjo wa wilaya yake kwa simu, asipande gari kuja mjini kubahatisha. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ni mahali pa kupima na kupata ushauri wa daktari kama una ugonjwa unaoendelea.

Kupiga simu au kufika mara moja kuuliza kunaokoa safari tatu, mradi uulize maswali yenyewe. Mtu wa dirishani akiulizwa "mna chanjo?" atajibu "ipo" au "hamna", na umeondoka mikono mitupu. Uliza hivi:

"Habari za kazi, daktari. Samahani, naulizia chanjo ya homa ya manjano. Mnachanja siku gani na saa ngapi? Chupa mnaifungua wakifika watu wangapi? Dawa ipo kwa sasa, na vitabu vya njano vipo? Bei yake ni kiasi gani pamoja na kitabu? Nalipaje?"

Swali la vitabu ndilo linalosahaulika. Inatokea dawa ipo na vitabu vimeisha. Ukidungwa siku hiyo ukaambiwa "kitabu njoo wiki ijayo", hakikisha tarehe, namba ya toleo la dawa na jina lako vimeingia kwenye rejista ya kituo mbele ya macho yako, la sivyo wiki ijayo kutakuwa na ubishi.

Malipo ya serikali hupitia namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, unalipa kwa simu au benki na kupata risiti. Anayekuambia umpe mkononi "ili mambo yaende haraka" hakupunguzii kitu. Risiti itakufaa ukitaka kurudishiwa fedha na mwajiri. Na hapa tuseme wazi: kama ni kazi inayokupeleka, iwe ya shirika, kampuni ya mizigo au halmashauri, chanjo ni gharama ya safari sawa na nauli. Iandike kwenye maombi ya fedha mapema. Wengi hujilipia kwa aibu tu.

Kwa nini unaambiwa urudi kesho

Chupa ya chanjo ya homa ya manjano ni ndogo kama kidole gumba, na ndani yake kuna donge kavu lililoshikana chini kama chumvi ya Uvinza iliyopigwa na unyevu. Donge hilo mara nyingi ni dozi 5 au 10. Mtoa chanjo huvuta maji yake maalumu ya kuchanganyia, huyaingiza taratibu, huzungusha chupa bila kuitikisa kwa nguvu mpaka donge liyeyuke, kisha huvuta nusu mililita kwa kila mtu. Tangu maji yalipoingia, saa imeanza kuhesabu: ndani ya saa 6, au mwisho wa zamu kama unafika mapema, kilichobaki kinamwagwa. Chupa iliyofunguliwa saa 3 asubuhi mwisho wake ni saa 9 alasiri, hata kama ndani kumebaki dozi saba.

Ndiyo maana muuguzi mwenye chupa ya dozi 10 na msafiri mmoja hukuambia usubiri wenzako. Hakufanyii kiburi. Lakini wewe unaweza kuwaleta hao wenzako. Kwaya inayokwenda kuimba Bujumbura, timu ya mpira, wachuuzi wa dagaa na mawese wa Kibirizi, familia mbili zinazokwenda harusi Kalemie: andikeni majina, mmoja apige simu, mkubaliane siku. Watu wanane au kumi wakifika pamoja chupa inafunguliwa bila mjadala. Bei ya kila mmoja haishuki, ila zile nauli za kwenda na kurudi na siku za kazi zinazopotea zinakwisha.

Ukifika, kuna mambo mawili ya kutazama bila kumkera mtu. Kwanza saa ya kufunguliwa, ambayo huandikwa kwenye chupa. Pili, kialama cha joto: kwenye chupa nyingi za serikali kuna duara lenye kijimraba ndani yake, na kwa dawa ya unga mara nyingi kimewekwa kwenye kifuniko. Kijimraba kikiwa cheupe kuliko duara, dawa haijaharibiwa na joto. Kikilingana rangi na duara au kuwa cheusi zaidi, dawa hiyo haitumiki. Kuomba kukiona kabla kifuniko hakijatolewa ni haki yako, na mtoa chanjo anayejua kazi yake atafurahi.

Kwa sababu hiyo hiyo ya joto, usikubali mpango wa kununua chanjo yoyote duka la dawa Dar es Salaam na kuileta Kigoma ndani ya begi ili ukadungwe na jirani. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Siku mbili za garimoshi kwenye joto zinaweza kuiharibu. Nyingine, kama ya homa ya ini B na pepopunda, huharibika pia zikiganda, kwa hiyo hata kuiegemeza kwenye barafu tupu ni kuiua. Utakuwa umenunua maumivu ya sindano peke yake.

Hesabu ya siku

Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya kudungwa. Ukidungwa tarehe 10 Juni, kinaanza kuhesabika tarehe 20 Juni. Ukivuka tarehe 19, mbele ya ofisa mkali huna cheti. Ndiyo sababu kudungwa pale pale mpakani hakukusaidii kwa safari ya leo, hata kama sindano ni ya kweli.

Sasa rudi nyuma. Boti yako ni tarehe 20. Siku ya mwisho kudungwa ni tarehe 10. Kama kituo kinachanja siku moja tu kwa wiki, siku yako inaweza kuangukia tarehe 6. Dawa ikiwa imeisha wiki hiyo, unahitaji wiki ya akiba. Ndivyo tunavyofika kwenye wiki 4, ambazo ni kipimo kizuri kwa mtu anayehitaji homa ya manjano peke yake. Anayehitaji homa ya ini B kwa ratiba ya kawaida aanze miezi 6 kabla: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Aliyebanwa ana ratiba ya haraka, ya siku ya 0, ya 7 na ya 21, lakini hiyo inadai dozi ya nne baada ya miezi 12. Kuchelewa hapo ni kununua sindano moja zaidi.

Kuna jambo la watoto linalokwamisha familia. Chanjo ya homa ya manjano na ya surua zote ni chanjo hai, yaani zina kirusi hai kilichopunguzwa makali. Hutolewa siku moja, kila moja kwa bomba lake na mahali pake mwilini, au zikitengana zipite wiki 4. Mtoto wa miezi 9 ndio kwanza anadaiwa cheti na Kongo, na ndio umri wake wa surua ya kwanza. Mama akimpeleka kliniki kwa surua Jumatatu, halafu Alhamisi ampeleke kwa homa ya manjano, ataambiwa asubiri wiki 4, na boti haitamngoja. Mwambie muuguzi wa kliniki mapema kwamba mna safari, mpange siku moja.

Wasiodungwa, na wanaopaswa kusema kwanza

Chanjo ya homa ya manjano haitolewi kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa mwenye mzio mkali wa mayai, kwa aliye kwenye tiba ya saratani au dawa nyingine za kushusha kinga, wala kwa anayeishi na VVU ambaye CD4 zake, yaani chembe za kinga kwenye damu, ziko chini ya 200. Mjamzito, anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 9, na mwenye miaka 60 au zaidi anayedungwa kwa mara ya kwanza waonane na daktari ili apime faida na hatari. Kuficha hali yako ili upate kadi ni kucheza na moto, maana kirusi kilichomo ni hai, kimepunguzwa makali tu.

Asiyeweza kudungwa hupewa barua ya daktari yenye sababu, sahihi na mhuri, kwa Kiingereza au Kifaransa. Barua hiyo haimlazimishi ofisa wa nchi nyingine kukupitisha; anaweza kukufuatilia afya kwa siku 6. Uliza ubalozi au ofisi ya ubalozi mdogo kabla hujalipa nauli.

Baada ya sindano kaa hapo hapo dakika 15 hadi 30, kwa kuwa mzio mkali ukija huja mapema. Homa ndogo, kichwa na maumivu ya misuli siku chache baadaye ni kawaida. Homa kali, macho kuwa ya njano au kuchanganyikiwa ndani ya wiki mbili si kawaida: nenda hospitali na useme ulichanjwa lini.

Kadi: mstari kwa mstari

Hapa ndipo kazi yote inapoharibikia, na inaharibika kwa kalamu. Usiondoke dirishani kabla hujasoma kadi yako neno kwa neno.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti au hati ya safari utakayoionyesha, kwa mpangilio ule ule. Aliyesajiliwa NIDA kwa majina matatu na pasipoti yake ina mawili afuate pasipoti. Namba ya hati iandikwe. Kwa asiye na pasipoti, namba ya kitambulisho cha taifa. Tarehe ya kuzaliwa, jinsi na uraia visiachwe wazi. Wewe mwenyewe unatia sahihi, na asiyejua kuandika anaweka alama yake, mwingine anaandika kando kwamba hiyo ni alama ya fulani. Mtoto ana kadi yake mwenyewe, hawekwi kwenye ya mama. Mzazi anamtilia sahihi.

Kwenye jedwali, ugonjwa uandikwe kwa Kiingereza au Kifaransa. Kiswahili kinaweza kuongezwa, hakitoshi peke yake. Siku iandikwe kwa tarakimu na mwezi kwa herufi, kwa sababu 03/04 kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi, na kosa hilo linaweza kuonyesha umechanjwa mwezi ujao. Jina la mtengenezaji na namba ya toleo vinakiliwe kutoka kwenye chupa. Nafasi ya "halali tangu" ionyeshe siku ya 10 baada ya sindano, na ya "mpaka" iseme ni kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Ukiona miaka 10 inaandikwa, zuia kalamu hapo hapo kwa heshima.

Kisha sahihi ya mtaalamu kwa mkono wake, na mhuri wa kituo. Mhuri hausimami mahali pa sahihi. Kadi nyingi zinazokataliwa zina mhuri mzuri wa bluu na nafasi ya sahihi nyeupe. Mwisho, pasiwe na kufuta, kukwangua wala kupaka rangi nyeupe; kosa likifanyika, omba kitabu kipya, usikubali kurekebishiwa juu yake. Kufutwa kidogo tu kunatosha kuifanya kadi isifae.

Kadi za kununua bila sindano zipo, zinauzwa karibu na maegesho ya boti na stendi, na bei yake huonekana nzuri. Ofisa mwenye uzoefu huipeleka kadi kwenye mwanga, huangalia kama wino wa mhuri umepita juu ya maandishi au chini yake, husoma namba ya toleo, kisha huuliza swali dogo: "Ulidungwa mkono upi?" Anayesita amejitaja. Ukikamatwa unapoteza safari, na hata usipokamatwa unaingia misitu na miji yenye homa ya manjano bila kinga, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya.

Zile nyingine, zipi ulipie

Homa ya ini B: pima damu kwanza. Kipimo kimoja kinaweza kukuonyesha kwamba umeshaambukizwa, na hapo dozi tatu za chanjo zingekuwa fedha ya bure. Unachohitaji ni daktari wa matibabu. Na kama ulidungwa moja au mbili ukakatisha, usianze upya hata ukishawishiwa. Unaendelea ulipoishia, hata miaka ikipita.

Homa ya matumbo: sindano moja, angalau wiki 2 kabla, kinga ya miaka kama 3. Kwa anayekwenda kukaa miezi India au Pakistani, ilipie. Kwa siku tatu za soko Bujumbura, maji yaliyochemshwa na chakula cha moto vitakutosha zaidi kuliko sindano.

Kichaa cha mbwa: dozi mbili, siku ya 0 na ya 7, na ni ghali. Ilipie kama unakwenda kufanya kazi na wanyama au kukaa mbali na hospitali. Wengine washike hili tu: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha uende ukadungwe siku hiyo hiyo.

Malaria haina chanjo ya msafiri mtu mzima. Beba chandarua.

Kuitunza

Kadi ikishakuwa ya maisha, adui wake ni maji ya ziwa na panya. Itie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu pamoja na pasipoti, usiibane kwa kibanio cha chuma cha karatasi. Usiipige laminesheni: chanjo nyingine haziwezi kuandikwa humo tena, na ofisa hawezi kuugusa mhuri, kwa hiyo atashuku. Piga picha kurasa zote mbili, ile ya jina na ile ya jedwali, ujitumie kwenye barua pepe. Picha haikuvushi mpakani, lakini kadi ikipotea, tarehe, kituo na namba ya toleo vilivyomo ndivyo vitakavyomwezesha mtu wa rejista kukupata kwenye daftari lake na kukuandikia nyingine bila kukudunga upya.